Umechaguliwa mwakilishi wa walimu shuleni? Mwongozo kamili wa pa kuanzia

Mwakilishi wa chama cha walimu shuleni huchaguliwa kwa dakika tano. Kikao cha walimu kinaelekea kufungwa, watu wanatazama saa, mmoja anasema "Mwalimu fulani anafaa, anajua kuongea," mikono inanyooshwa, imekwisha hiyo. Kesho yake mwalimu huyo anaanza kuulizwa kuhusu nauli ya likizo, daraja la mshahara lililokwama na asilimia mbili ya ada ya chama inayokatwa kila mwezi, na hakuna aliyemkabidhi hata karatasi moja. Mwongozo huu nimemwandikia yeye. Unahusu Tanzania Bara, hasa shule za serikali. Zanzibar ina sheria zake za kazi na chama chake cha walimu, ZATU. Walimu wa shule binafsi nimewatengea sehemu yao huko chini.

Kujua kuongea kuna faida yake, lakini kazi hii ni ya karatasi. Madai mengi ya walimu hukwama kwa kukosa barua, wala si kwa kukosa haki. Ukilielewa hilo, mengine yote yanafuata.

Jua umesimama juu ya nini

Sheria ya kushika mkononi ni Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Na. 6 ya 2004. Inawahusu pia watumishi wa umma, isipokuwa wanajeshi, polisi, magereza na Jeshi la Kujenga Taifa. Kifungu cha 9 kinampa mwajiriwa haki ya kujiunga na chama na kinakataza kumbagua kwa sababu ya uanachama wake au kazi halali za chama. Kifungu cha 60 kinamruhusu kiongozi wa chama kuingia sehemu ya kazi kuandikisha wanachama na kuzungumza nao, na mikutano ya wafanyakazi ifanyike nje ya saa za kazi.

Kifungu cha 62 ndicho chako wewe. Kinaeleza idadi ya wawakilishi: mmoja kama wanachama ni 1 hadi 9, watatu kama ni 10 hadi 20, kumi kama ni 21 hadi 100, na kumi na watano wakizidi mia. Shule ya msingi yenye wanachama 14 inastahili wawakilishi watatu. Shule ngapi unazijua zenye watatu? Nyingi zina mmoja, tena hajui kuwa ana haki ya wenzake wawili. Basi hatua ya kwanza kabisa ni kuhesabu wanachama na kuomba uchaguzi wa nafasi zilizobaki. Mwakilishi mmoja akihamishwa, kila kitu kinaondoka naye. Wakiwa watatu, kazi inaendelea.

Kifungu hicho hicho kinataja kazi zako: kumwakilisha mwanachama kwenye malalamiko na mashauri ya nidhamu, kusemea afya, usalama na ustawi wa walimu, na kufuatilia kama mwajiri anatii sheria. Kinakupa pia muda wa kadiri, wenye malipo, wa kuzifanya kazi hizo. Muda wa kadiri maana yake si kuacha vipindi ovyo. Mwandikie mkuu mapema, panga mwenzako ashike kipindi, uondoke ukiwa na ruhusa iliyoandikwa.

Historia kidogo, maana wakongwe watakuuliza. Mwaka 1964 vyama vyote vya wafanyakazi viliunganishwa kuwa kimoja, NUTA. Mwaka 1978 ikaja JUWATA, na 1991 OTTU. Walimu walipata chama chao wenyewe, Chama cha Walimu Tanzania (CWT), mwaka 1993. Baadaye kimezaliwa pia chama kingine cha walimu, CHAKUHAWATA, ambacho kimevutia walimu kwa ada ndogo. Mwalimu yuko huru kuchagua, na wewe usimkasirikie anayehama. Muulize sababu, kwa kuwa sababu yake ni taarifa unayoihitaji.

Makato: eleza kabla hujaulizwa

Hapa ndipo manung'uniko yalipo, kwa hiyo kaa hapa muda mrefu. CWT hukata asilimia mbili ya mshahara. Mwalimu mwenye mshahara wa shilingi 800,000 anakatwa 16,000 kwa mwezi, yaani 192,000 kwa mwaka. Ukiona mwalimu anasema anachokiona kwa fedha hiyo ni fulana ya Mei Mosi peke yake, usimwite msaliti. Ana swali halali.

Sheria inasema mwajiri anakata ada pale tu mwajiriwa anapokuwa ameridhia kwa fomu maalumu, ile walimu wanayoijua kama TUF 6. Anayetaka kujitoa anatoa taarifa ya maandishi ya mwezi mmoja kwa mwajiri na kwa chama. Basi. Hatakiwi kumbembeleza mtu, wala kiongozi wa wilaya hatakiwi kuikalia barua yake.

Halafu kuna lile linalowachanganya wengi: "Mimi sijawahi kujaza fomu, mbona nakatwa?" Jibu liko kwenye kifungu cha 72. Chama kilichotambuliwa kuwa ndicho chenye wanachama wengi kinaweza kukubaliana na mwajiri kuwa wasio wanachama nao wakatwe ada ya uwakala, kwa kuwa wananufaika na majadiliano yale yale. Ada hiyo haipaswi kuzidi ya mwanachama, inawekwa kwenye akaunti yake tofauti, na hairuhusiwi kwenda kwenye chama cha siasa. Mwalimu anayekatwa bila kuwa mwanachama analipa bila kupiga kura. Mweleze hivyo hivyo, bila kupamba. Wengi hujaza fomu siku hiyo hiyo.

Nchi jirani ya Kenya imeonyesha makato yakiyumba nini kinatokea. KNUT, chama kilichoanzishwa 1957, kilipovutana na Tume ya Utumishi wa Walimu ya huko mwaka 2019 kuhusu mkataba wa pamoja, kilipoteza sehemu kubwa ya wanachama wake kwa muda mfupi, na mapato yakakauka. Mwalimu mmoja mmoja ndiye chama.

Fungua daftari

Nunua kauntabuku. Si faili la simu, kauntabuku yenye kurasa zenye namba. Kila lalamiko lipate safu hizi: tarehe, jina la mwalimu, anadai nini, ana karatasi zipi, tumeandika kwa nani, mhuri wa kupokelewa upo au haupo, jibu limekuja lini. Mfano wa mstari mmoja:

*12 Machi – Mwl. A – nauli ya likizo, haijalipwa – ana barua ya likizo na kibali – barua kwa Mkurugenzi imepokelewa masjala 14 Machi, mhuri upo – hakuna jibu hadi 30 Aprili – imekwenda kwa Katibu wa CWT wilaya.*

Mstari huo una nguvu kuliko hotuba ya nusu saa. Ukienda wilayani na mistari 11 ya namna hiyo kutoka shule moja, kila mtu atakutafutia kiti.

Namba za utambulisho za walimu, hati zao za mishahara na siri zao za kiafya zikae mahali penye kufuli. Mwalimu akikwambia habari ya ugonjwa wake ili umsaidie kuomba uhamisho, habari hiyo isifike stafu.

Madai yanayojirudia, moja baada ya jingine

*Uhamisho.* Soma maneno ya barua kabla ya kitu kingine chochote. Kama imeandikwa kuwa unahamishwa "kwa maombi yako", serikali hailipi. Kama ni kwa manufaa ya umma au kwa uamuzi wa mwajiri, unastahili malipo: posho ya usumbufu, ambayo ni asilimia 10 ya mshahara wa mwaka, pamoja na posho ya kujikimu, nauli na gharama za mizigo. Ndiyo sababu mwalimu huitwa ofisini na kuambiwa kwa upole, "Hebu andika tu barua ya kuomba, tuharakishe mambo." Mfundishe kila mwalimu shuleni kwako kuwa barua hiyo ni ghali. Walimu wa sanaa wa sekondari waliopelekwa kufundisha shule za msingi kuanzia 2017 hawakuomba wao. Katika uhamisho wa namna hiyo, maneno ya barua ndiyo yanayoamua kama kuna cha kudai.

*Malimbikizo ya daraja.* Madaraja yaliposimamishwa mwaka 2016 wakati wa uhakiki wa watumishi, walimu wengi walibaki nyuma, na mpaka leo neno "mserereko" (kupandishwa ili kufidia muda uliopotea) linaamsha mabishano katika kila stafu. Hesabu yenyewe ni rahisi. Chukua tarehe ya kuanza iliyoandikwa kwenye barua ya kupandishwa, chukua mwezi ambao mshahara mpya ulionekana kweli, hesabu miezi iliyo katikati, zidisha kwa tofauti ya mishahara. Barua inasema tangu 1 Julai, mshahara ukabadilika Machi: hiyo ni miezi 8, Julai mpaka Februari. Tofauti ikiwa shilingi 180,000, madai ni 1,440,000. Ambatisha barua ya daraja, hati ya mshahara ya Juni na ya Machi. Hata kama mfumo wa mishahara unakokotoa wenyewe, fanya hesabu yako ya mkono uilinganishe.

*Likizo.* Mtumishi hulipiwa nauli ya likizo mara moja kila miaka miwili, yeye na wategemezi wake. Halmashauri hupenda kusema bajeti imekwisha. Inawezekana ni kweli, lakini deni halifutwi na bajeti kwisha. Omba deni liingizwe kwenye orodha ya madeni ya watumishi, na uombe kuiona.

*Uzazi.* Siku 84, au 100 kwa pacha, na kunyonyesha hadi saa mbili kwa siku baada ya kurudi. Hizo saa mbili hazitumiki katika shule nyingi kwa sababu hakuna anayezijua. Mwalimu wa kike anayerudi kutoka uzazi akutane na ratiba iliyokwisha rekebishwa. Kaa na mwalimu wa taaluma wiki moja kabla. Kama shuleni kwako kuna mwakilishi wa kitengo cha wanawake, hii ni kazi yake ya kwanza, na kama hakuna, hii ni sababu ya kumchagua.

*Michango.* Mwenge, mahafali, maabara. Mchango wa hiari ubaki wa hiari. Mwajiri haruhusiwi kukata mshahara isipokuwa kwa sheria, makubaliano ya pamoja, amri ya mahakama au ridhaa ya maandishi ya mwajiriwa.

Barua ya madai inavyokaa

Mkurugenzi Mtendaji,
Halmashauri ya Wilaya ya …

K.K. Afisa Elimu Kata, Kata ya …
K.K. Mwalimu Mkuu, Shule ya Msingi …

YAH: MADAI YA MALIPO YA UHAMISHO

*Rejea barua yako yenye Kumb. Na. … ya tarehe …, iliyonihamisha kutoka … kwenda … Niliripoti kituo kipya tarehe …, kama nakala iliyoambatishwa inavyoonesha. Hadi leo sijalipwa posho ya usumbufu, posho ya kujikimu wala gharama za mizigo, jumla shilingi …, kwa mchanganuo ulioambatishwa. Naomba kulipwa, na kujulishwa kwa maandishi lini malipo yatafanyika.*

Hakuna kilio humo, hakuna "kwa masikitiko makubwa". Kuna kumbukumbu namba, tarehe, kiasi na ombi la jibu. Peleka nakala mbili. Moja inabaki masjala, nyingine irudi na mhuri. Mhudumu wa masjala akisema mhuri haupo leo, omba aandike jina, tarehe na sahihi. Mwalimu mwenyewe ndiye anayetia sahihi barua; wewe unapata nakala.

Kwenda ofisini kwa mkuu

Kumbuka kwamba mkuu wa shule au mwalimu mkuu mara nyingi ni mwanachama mwenzako. Yeye naye anadai likizo, naye alirukwa daraja. Usimgeuze adui kabla hajawa. Amkia inavyostahili, halafu sema shida: "Shikamoo, Mkuu. Nimekuja kwa kofia ya uwakilishi, naomba dakika kumi. Walimu wanne wanalalamikia zamu ya Jumamosi. Wanasema ilipangwa bila kikao. Tunaomba iingie kwenye ajenda ya Ijumaa." Maneno kama "kwa kofia ya uwakilishi" yanamkumbusha, bila ukali, kuwa huzungumzi nafsi yako.

Ukirudi stafu, andika mlichokubaliana, mpelekee nakala. Akikataa, asante na uandike pia kuwa amekataa. Mengi ya ngazi ya shule (zamu, vipindi vya ziada, nyumba za walimu, lugha ya matusi mbele ya wanafunzi) huishia hapo hapo ofisini yakipelekwa mapema. Yasiyoisha yanakwenda kwa Katibu wa chama wilayani, kwa maandishi, na kauntabuku yako ikiwa kwapani.

Nidhamu: barua ya kujieleza ikifika

Mwalimu akipewa barua ya kutakiwa kujieleza au hati ya mashtaka, mambo matatu kwa haraka. Asijibu siku hiyo hiyo kwa hasira. Asome muda wa kujibu ulioandikwa ndani na ahakikishe hauvuki. Na akuone kabla hajaandika.

Tofautisha ngazi. Makosa madogo humalizwa na mkuu kwa onyo au karipio. Makosa makubwa ni ya Tume ya Utumishi wa Walimu, iliyoundwa kwa Sheria Na. 25 ya 2015 ikachukua nafasi ya ile idara tuliyozoea kuiita TSD. Mkuu wa shule hafukuzi mwalimu, hata akitamani. Na kutokuwepo kazini siku tano bila ruhusa kunatosha kumfukuzisha mtu, kwa hiyo mwalimu mwenye msiba wa mbali atume taarifa ya maandishi, hata kwa simu, siku ya kwanza.

Kazi yako kwenye shauri ni kuhakikisha anajua anachoshtakiwa, ana muda wa kujitetea, mashahidi wake wanasikilizwa, na uamuzi unatoka kwa maandishi. Kazi yako si kuapa kuwa hana kosa. Kama shutuma ni ya kumdhuru mwanafunzi, simamia utaratibu kwa ukamilifu ule ule, ila usiingie kwenye mpango wowote wa kwenda kuzungumza na familia ya mtoto "yaishe". Hapo hakuna uwakilishi, kuna kosa jipya.

Rufaa nazo zina muda. Tangu marekebisho ya 2016, mtumishi wa umma anatakiwa kumaliza kwanza ngazi za ndani za utumishi wa umma kabla ya kukimbilia vyombo vya sheria za kazi. Walimu wamepoteza kesi nzuri kwa kuruka ngazi.

Makundi ya WhatsApp

Yanasaidia kutoa taarifa ya kikao na kuharibu mengine yote. Usiweke humo hati ya mshahara ya mtu, barua ya nidhamu, wala sauti ya mkuu iliyorekodiwa. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 haijali kwamba kundi lilikuwa la walimu watupu. Anayetaka kulalamika aje kwenye daftari.

Mgomo

Vijana watakuuliza haraka kuliko unavyodhani: "Kwa nini tusigome?" Haki ya kugoma ipo, lakini ina mlolongo: mgogoro uwe wa maslahi, upatanishi uwe umeshindikana, wanachama wapige kura, taarifa itolewe. Kwa watumishi wa umma kuna pia sheria ya majadiliano ya pamoja, Na. 19 ya 2003, yenye masharti yake ya ziada.

Mwaka 2008 mahakama iliuzuia mgomo wa walimu kabla haujaanza. Mwaka 2012 ulianza kweli, Jumatatu ya tarehe 30 Julai. Madai yalikuwa nyongeza ya mshahara ya asilimia 100, posho ya kufundishia ya asilimia 55 kwa walimu wa sayansi na 50 kwa wa sanaa, na asilimia 30 kwa walio katika mazingira magumu. Siku chache baadaye Mahakama Kuu, Kitengo cha Kazi, iliutangaza kuwa batili na kuamuru walimu warudi darasani. Madai hayakuwa mepesi. Utaratibu ndio uliokatwa miguu.

Kwa hiyo mgomo si uamuzi wa shule. Ule wa kukaa stafu bila kuingia darasani, unaoitwa mgomo baridi, ndio wa hatari zaidi kwa mwalimu mmoja mmoja: hauna kura, hauna taarifa, hauna chama nyuma yake, na kila aliyekaa hapo anashtakiwa kwa jina lake. Ukisikia unapikwa, itisha kikao cha wanachama baada ya vipindi, andikeni madai, wote mtie sahihi, yapelekwe wilayani siku hiyo.

Ukiwa shule binafsi

Mambo yako yanakwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Ukiachishwa kazi isivyo halali una siku 30 za kufungua shauri. Migogoro mingine ni siku 60. Siku hizo hazisubiri mmiliki arudi safari. Tunza mkataba, uthibitisho wa mshahara ulioingia benki au kwenye simu, na barua ya kuachishwa. Kama hukupewa barua, andika wewe kuuliza hatima yako na utunze nakala.

Kukidai chama chenyewe

Mwakilishi anayedai kwa mwajiri tu na kuogopa wilaya ya chama chake amefanya nusu ya kazi. Kwenye mkutano wa wawakilishi uliza mapato na matumizi yaliyokaguliwa. Uliza madai mangapi ya wanachama yalipokelewa mwaka huo na mangapi yamelipwa. Uliza kwa sauti ya kawaida, ukiwa umesimama, na uombe jibu liingie kwenye muhtasari. Viongozi wazuri hufurahia maswali hayo kwa sababu yanawapa cha kusema kwa wanachama. Wengine watakuambia unaleta siasa, rudia swali.

Ukirudi shuleni, toa taarifa ndani ya wiki moja, ukurasa mmoja ubandikwe kwenye ubao wa stafu, hata kama habari ni kwamba hakuna jipya.

Ukihamishwa

Kabla hujafunga mizigo, kaa na wawakilishi wenzako mpitie kauntabuku mstari kwa mstari. Madai yaliyo wazi yaandikwe upya kwenye ukurasa wa makabidhiano, mkabidhi na mkabidhiwa watie sahihi, nakala iende kwa Katibu wa wilaya. Kila mwalimu mwenye dai aambiwe nani sasa anashika karatasi zake. Halafu ukifika kituo kipya, kumbuka na wewe una malipo ya uhamisho ya kuandikia barua.